Diski ya kompyuta ya zamani: unakili mafaili, upige kloni au utengeneze imeji?

Mama mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Tanga aliniletea kompyuta yake kwa bajaji, ameipakata mapajani kama mtoto mgonjwa. Ni Dell OptiPlex 780, Windows 7, diski ya 250 GB. Nikampa shikamoo, akaitikia, na kabla sijauliza tatizo akasema: "Mwanangu, niwekee diski mpya, lakini usije ukanipotezea madeni yangu."

Madeni yenyewe ni ya wateja waliochukua saruji, nondo na mabati kwa mkopo. Yote yamo ndani ya programu ya stoo aliyoandikiwa na kijana mmoja ambaye siku hizi hapatikani. CD ya kuisakinisha haipo. Kompyuta ilikuwa inachukua dakika kumi kuwaka, na mara nyingine inaganda katikati ya mauzo mteja akiwa amesimama kaunta.

Watu wengi wakinijia na kazi kama hii huuliza, "Programu gani nzuri ya kukopi diski?" Mimi huanzia kwingine. Kuna njia nne za kuhamisha kilichomo kwenye diski ya zamani, na kila moja inabeba vitu tofauti na kuacha vingine. Ukijua unaogopa kupoteza nini, na ukajua diski yenyewe ina hali gani, njia inajichagua. Basi nizipange hapa jinsi ninavyozipima kwenye meza yangu.

Ipime diski kwanza

Hatua hii haina mbadala, maana njia iliyo bora kwa diski nzima ndiyo inayoweza kuimaliza diski mbovu.

Kwenye Windows mimi natumia CrystalDiskInfo, ya bure na nyepesi. Inasoma taarifa ambazo diski inajiandikia yenyewe, ziitwazo SMART. Usibabaishwe na orodha ndefu, angalia mistari mitatu: 05 (sekta, yaani vipande vidogo vya diski, zilizokwisha kufa na kuhamishwa), C5 (sekta zinazosubiri kuamuliwa kwa sababu hazisomeki vizuri) na C6 (zilizoshindikana kabisa). Yote mitatu ikisoma sifuri, una nafasi ya kuchagua njia yoyote. C5 ikiwa na namba, diski imeanza kuondoka.

Kuna jambo moja linalowapoteza mafundi wengi: CrystalDiskInfo huonyesha namba hizo kwa hesabu ya kumi na sita, si ya kumi. Diski ya mama ilisoma 18 kwenye C5, maana yake sekta 24.

Kabla ya namba kuna sikio. Weka kiganja juu ya diski ikiwa inazunguka. Mvumo laini hauna neno. Ikigonga tk, tk, tk kwa mpigo ule ule, zima palepale, chomoa umeme, wala usijaribu "mara moja tu tuone." Hapo kichwa cha kusomea kimeharibika, na kila mzunguko unaweza kuwa unakwangua data yenyewe. Hakuna programu ya kutibu hilo.

Kunakili mafaili peke yake

Hii ndiyo njia ambayo kila mtu anaijua: chomeka diski ya nje, buruta folda, ngoja. Kwa mtu anayetaka picha, barua, karatasi za mitihani na nyimbo, inatosha, na ndiyo ninayompendekezea. Diski mpya inapata Windows safi isiyo na takataka za miaka kumi, na wala huhitaji diski yenye ukubwa sawa, kwa kuwa unabeba kilichopo tu.

Inachoacha nyuma ni programu. Ukikopi folda ya programu kutoka Program Files ukaibandika kwenye kompyuta nyingine, mara nyingi haitafunguka, kwa sababu sehemu yake nyingine imejichimbia kwenye rejista ya Windows, daftari la ndani linalotunza mipangilio ya programu. Kwa mama huyu, njia hii peke yake ingemwachia mafaili ya madeni bila cha kuyafungulia.

Kingine kinachosahaulika ni folda zilizofichwa. Mtu anakopi Documents na Desktop, anafurahi, halafu baada ya wiki anagundua barua pepe zake zote za Outlook zilikuwa ndani ya AppData, ambayo Windows huificha. Kopi folda nzima ya mtumiaji, na usiburute kwa kipanya. Kwa Windows 7 na kuendelea kuna robocopy, imo tayari ndani ya mfumo:

robocopy C:\Users E:\bakapu /E /XJ /R:1 /W:1 /LOG:E:\ripoti.txt

Hiyo /XJ inazuia isizunguke milele kwenye folda za njia za mkato zilizomo ndani ya Users. Hiyo /R:1 ni muhimu kuliko watu wanavyodhani: usipoiweka, robocopy ikikuta faili lisilosomeka itajaribu tena mara milioni moja, na kati ya kila jaribio inasubiri sekunde 30. Nimewahi kukuta kompyuta imeachwa usiku kucha ikihangaika na faili moja la picha. Na ripoti isome kweli, maana ndiyo inayokutajia faili lililobaki.

Kupiga kloni, diski kwa diski

Kloni inabeba kila kitu: Windows, programu, rejista, mandhari ya skrini, hata ile printa ya zamani iliyowekwa kwa shida. Unafungua kompyuta, unatoa diski ya zamani, unaweka mpya, unawasha, na mwenye kompyuta anaona tofauti moja tu, kasi. Kwa kompyuta ya ofisi ambayo diski yake bado ina afya na mtu anataka kuhamia SSD (diski ya kisasa isiyozunguka, yenye kasi), hakuna njia nzuri kuliko hii.

Kuna milango mitatu ya kuingilia. Wa kwanza ni programu za watengenezaji wa SSD wenyewe. Samsung wanayo ya kwao, na Crucial na Kingston wamekuwa wakitoa ya Acronis kwa wateja wao. Zinafanya kazi ndani ya Windows ikiwa inawaka, na zinamfaa asiye fundi. Wa pili ni Clonezilla, inayotoka Taiwan, ya bure, unayoiweka kwenye flashi na kuibuti nje ya Windows. Sura yake ni ya maandishi matupu juu ya rangi ya bluu, inaogofya kidogo, lakini haijaniangusha. Anayetaka hiyo hiyo ikiwa na vitufe vya kubofya atumie Rescuezilla. Mlango wa tatu ni doki ya diski mbili yenye kitufe cha kukopi bila kompyuta. Unachomeka hii hapa na ile pale, unabonyeza, taa zinapanda.

Doki ndiyo rahisi kuliko zote, na ndiyo ninayoiogopa kuliko zote. Haina skrini. Haikuulizi "una hakika?" Miaka iliyopita nilipachika diski tupu upande wa chanzo na diski ya dada mmoja upande wa kupokea. Taa zikapanda vizuri hadi asilimia mia. Nilikuwa nimekopi utupu juu ya picha za harusi yake, na hazikurudi. Tangu siku ile hakuna diski inayokaa mezani kwangu bila kipande cha utepe wa karatasi kilichoandikwa kwa kalamu nene: ZAMANI, MPYA. Na kwenye Clonezilla siangalii sda wala sdb, majina ambayo mfumo wake huzipa diski, kwa sababu hubadilika kutegemea kilichochomekwa. Nasoma modeli na ukubwa, na zikiwa zinafanana nasoma namba ya utambulisho (serial number) iliyobandikwa juu ya diski.

Kloni ina masharti mawili. Moja ni ukubwa. Diski ya zamani ya 250 GB haiingii moja kwa moja kwenye SSD ya 240 GB hata kama ndani umetumia 70 tu, maana Clonezilla kwa kawaida inataka diski inayopokea iwe sawa au kubwa zaidi. Unaweza kuipunguza patisheni (sehemu iliyogawanywa ndani ya diski) kwanza, ila kwa diski ya zamani mimi sipendi kuchezea mpangilio wake kabla sijawa na nakala. Nunua 480 au 500 tu, kichwa kipumzike. Zile programu za watengenezaji huwa zinapunguza zenyewe, na hapo zinaishinda Clonezilla.

Sharti la pili: ukimaliza, zima kompyuta, toa diski ya zamani kabisa, ndipo uwashe na mpya peke yake. Diski mbili zilizopigwa kloni zina alama ileile ya utambulisho, na Windows ikiziona zote kwa pamoja inachanganyikiwa ipi ni ipi. Na usiguse mipangilio ya SATA (muunganisho wa diski) kwenye BIOS, ile programu ndogo inayowaka kabla ya Windows, siku hiyo. Ikiwa ilikuwa IDE (namna ya zamani ya kuzungumza na diski) ukaibadili kuwa AHCI (namna mpya), Windows 7 itakupokea kwa skrini ya bluu yenye namba 0x0000007B, nawe utadhani kloni imeharibika kumbe ni mpangilio tu.

Kloni ya Windows imefungamana na mashine iliyozaliwa ndani yake. Ukiihamishia kwenye kompyuta ya aina nyingine, Windows ya zamani mara nyingi itagoma. Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, husamehe zaidi.

Imeji

Imeji ni diski nzima iliyogeuzwa kuwa faili, au folda ya mafaili, ndani ya diski nyingine kubwa. Watu wengi hawaitumii kwa sababu haiwaki. Ukimaliza una faili tu, na bado una kazi ya kulirudisha kwenye diski. Lakini kwa kompyuta ya zamani, hii ndiyo njia ninayoipa uzito kuliko kloni.

Kwanza, ukikosea unarudia bila kuigusa tena diski ya zamani. Kloni ikiharibika katikati, unaiamsha tena ile ile diski iliyochoka isome kila kitu upya. Imeji unaisoma mara moja, kisha unaichezea upendavyo. Pili, imeji za kompyuta tatu au nne zinakaa ndani ya diski moja ya nje ya 1 TB, kwani Clonezilla huchukua sehemu zilizotumika tu na kuzibana. Tatu, na hili ndilo lililonifanya niipende, imeji unaweza kuiwasha ndani ya kompyuta nyingine kama mashine pepe. Ile Windows ya zamani pamoja na programu yake ya stoo inafunguka ndani ya dirisha, juu ya kompyuta mpya, bila kujali kwamba kompyuta iliyokuwa inaibeba imeshakufa.

Kwa Windows inayowaka bado, Disk2vhd ya Sysinternals inatengeneza imeji ya namna hiyo huku kompyuta ikiendelea kufanya kazi. Ondoa alama kwenye VHDX ili upate VHD (ni aina mbili za faili la diski pepe), maana VirtualBox, programu ya kuwashia mashine pepe, inaielewa vizuri zaidi. Ila ujue kwamba Windows iliyokuja na kompyuta kutoka kiwandani inaweza kudai kuwezeshwa upya ikijikuta kwenye mashine pepe.

Gharama yake ni nafasi na muda. Unahitaji diski ya tatu, na kazi inakuwa ya hatua mbili.

Na hiyo diski ya nje uinunue kwa macho mawili. Zimezagaa diski na flashi zinazojitangaza 2 TB kumbe ndani hazina hata sehemu ya kumi. Zinapokea data bila kulalamika, zikishajaa zinaandika juu ya ulichoweka mwanzo. Kabla ya kuiamini, endesha H2testw. Itaijaza hadi mwisho, kisha itasoma kilichoandikwa na kukuambia ukweli. Inachukua saa nyingi, lakini afadhali zipotee saa kuliko imeji.

Diski ikiwa mgonjwa

Sekta 24 zisizosomeka ni chache kwa kuhesabu, lakini zinatosha kuzikwamisha njia zote tatu nilizozitaja. Clonezilla ikikutana na sekta mbovu husimama na kutoa kosa, usipoiagiza iendelee. Windows inarudia kusoma palepale, na diski inazidi kuchoka. Watu wengi hapa huendesha chkdsk, programu ya Windows ya kukagua diski, wakitumaini itatibu. Tafadhali usifanye hivyo kwenye diski mgonjwa yenye data usiyo na nakala yake. Chkdsk inaandika na kupangua, na diski iliyo mahututi hailazimishwi kazi.

Dawa yake ni ddrescue ya GNU, kwenye Linux. Ukiiambia isivikwangue vipande vibovu kwanza (ndiyo kazi ya -n kwenye amri ya kwanza hapa chini), inapita ikichukua kila kinachosomeka kwa urahisi, na ikikuta pabaya inaruka mbele. Vipande vigumu inavirudia baadaye, data nyingine yote ikiwa imeshaokolewa. Na kila inachofanya inakiandika kwenye faili la ramani:

ddrescue -d -n /dev/sda diski.img ramani.map
ddrescue -d -r3 /dev/sda diski.img ramani.map

Amri ya kwanza inachukua vilivyo vizima, ya pili inarudi kwenye vibovu na kujaribu mara tatu. Hakikisha sda kweli ndiyo ya zamani. Faili la ramani liweke kwenye diski ya nje pamoja na imeji, kamwe lisikae kwenye flashi ya Linux uliyobutia, kwa sababu umeme ukikatika mfumo wa flashi husahau kila kitu.

Umeme ndio kipimo ambacho miongozo mingi ya mtandaoni haikitaji. Kloni ikikatwa asilimia 90, unaanza upya. Doki vilevile. Imeji ya Clonezilla pia. Robocopy unaitoa amri ileile na inaruka mafaili iliyokwisha kuyakopi. Ddrescue inasoma ramani na kuendelea pale pale ilipoishia. Kama huna UPS, au unayo lakini betri yake imechoka, jambo hilo peke yake linaweza kukuamulia njia.

Saa ngapi?

Hesabu yake ni ya kugawanya tu. OptiPlex 780 ina poti za USB 2.0, na kwa uzoefu wangu hizo hupitisha kama MB 30 kwa sekunde. GB 250 kwa kasi hiyo ni zaidi ya saa mbili na robo. Diski hiyo hiyo nikiitoa na kuichomeka kwa waya wa SATA kwenye mashine yangu, inasoma kama MB 80, na inakuwa chini kidogo ya saa moja. Kwa hiyo bisibisi na dakika tano za kufungua boksi zinaokoa zaidi ya saa nzima, kabla hata hujachagua programu. Njia zinazochukua sehemu zilizotumika tu zinamaliza mapema zaidi. Doki na ddrescue zinasoma diski yote, hata palipo patupu.

Ukikuta diski ya IDE, ile ya waya mpana wenye pini 40, nunua adapta ya USB na uweke jampa (kile kiplastiki kidogo kinachounganisha pini) kwenye nafasi ya kuwa diski pekee au mkuu, la sivyo adapta nyingi haziioni. Za laptopu za zamani zina pini 44 na hazihitaji umeme wa pembeni. Kwa Windows XP mimi sipigi kloni kwenda SSD tena. Patisheni zake zinaanzia sekta ya 63, hazilingani na vipande vya baiti 4,096 ambavyo SSD inafanyia kazi, na kasi inapungua. XP naitengenezea imeji na kuiweka kwenye mashine pepe.

Ningekuchagulia ipi

Mwanafunzi au mwalimu mwenye laptopu nzima anayetaka kuhamia kompyuta nyingine: mafaili, kwa robocopy. Ofisi yenye kompyuta inayofanya kazi vizuri ila ni nzito: kloni kwenda SSD, kompyuta ile ile. Mwenye programu ya zamani isiyo na CD wala mwandishi: imeji, hata kama leo unataka kloni tu. Kwa diski yenye namba kwenye C5, ddrescue kabla ya chochote, mengine yafuate kutoka kwenye imeji yake. Doki sitamkataza mtu, ila abandike utepe.

Kwa mama nilitumia ddrescue. Sehemu nzima zilipita kwa saa moja na dakika chache, na vile vipande vibovu vikanilaza kazini kwangu. Alfajiri zilikuwa zimebaki sekta 7, yaani baiti 3,584 kati ya GB 250. Sikutaka kukisia zimo ndani ya nini. Ddrescue ina uwezo wa kujaza sekta zilizokosekana kwa neno unalolitaka, kwa hiyo nilizijaza SEKTAMBOVU, nikaifungua imeji na kulitafuta neno hilo ndani ya mafaili yote. Likatokea kwenye faili moja tu, wimbo wa taarab uliopakuliwa zamani.

Kisha nikaishusha imeji kwenye SSD ya 500 GB. Nakala nyingine ya imeji nikaigeuza kwa VBoxManage convertfromraw (amri ya VirtualBox) na kuiweka kwenye laptopu ya mwanawe, iwake ndani ya VirtualBox bila intaneti, kwa sababu Microsoft waliacha kuihudumia Windows 7 tangu 14 Januari 2020. Diski ya zamani nikaifunga kwenye mfuko wake, nikaandika tarehe, nikamwambia aitunze kabatini miezi mitatu kabla ya kufikiria kuiharibu.

Aliketi kwenye kiti changu, akafungua orodha ya madeni, akashuka nayo taratibu kwa kidole juu ya skrini hadi akafika jina alilokuwa analitafuta. "Mabati arobaini," akasema. "Huyu yupo."